Tone Lisilotiwa Dawa

Mashine niliifundisha mimi. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba mashine ilimshinda mtu, hukodolea macho mashine.

Maabara yetu ilikuwa Alief, huko Marekani, nyuma ya duka la matairi. Tuliletewa chupa za maji ya bahari kutoka pwani, tukatafuta kwa hadubini kijidudu kimoja kinachotia sumu kwenye chaza. Kikizidi, wavuvi huzuiwa kuvua. Kina pacha wake asiye na madhara, na tofauti yao ni moja tu: pacha ana kinundu kichwani.

Tulifanya kazi hiyo wawili. Mwenzangu alikuwa mzee Mkongomani aliyepima maji ya ziwa kwao nusu ya maisha yake, mpaka vita vikamtoa. Marekani ilimpokea kwa kumbebesha mizigo kwenye maghala ya Euless, karibu na uwanja wa ndege, hadi mgongo ukamkatalia. Kwetu ndipo alipopata kiti.

Alikuwa na tabia iliyoniudhi. Chupa ikifika, kabla ya kuitia dawa ya kuhifadhi, alichota tone akalitazama viumbe vikiwa hai. Kanuni haikudai hivyo. Mimi nilitia dawa kwanza, nikahesabu maiti kwa starehe zangu. Nilikuwa nikimwuliza mbele za watu kama amemaliza kuwajulia hali wagonjwa wake, naye anacheka pamoja nao.

Bosi aliponunua mashine ya kutambua vijidudu kwa kamera, alinipa mimi kazi ya kuipa mifano. Kwa miezi kadhaa niliandika jina chini ya kila picha: huyu wa sumu, huyu siye. Picha zote zilitoka kwenye chupa zenye dawa. Kisha bosi akatangaza jaribio kati ya mzee na mashine: atakayekosea zaidi aondoke. Majibu yangu ndiyo yangehesabiwa kuwa sahihi, na mashine ikishinda ningekuwa msimamizi wake.

Siku ya jaribio mzee alinisogelea na kijitone chake.

"Dada, hii haiko ile ya sumu. Iko na kichwa. Angalia mbele ya kutia dawa."

"Mzee, machine imeshasema. Wewe ni nani u-argue na machine?"

Alipokwenda kula, nilitazama. Kinundu kilikuwepo, wazi kama chunjua puani. Nikadondosha dawa. Kiumbe kikajikunja, kinundu kikanywea, na mbele yangu akabaki yule wa sumu niliyemwandika jina mara elfu.

Nilikasirika. Sikujikasirikia mimi, nilimkasirikia yeye, kwa vile alikuwa sahihi huku amevaa zile suruali zake za mtumba. Nikaosha kile kioo cha tone nikakirudisha sandukuni.

Mashine ilikubaliana nami karibu kila mahali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Bosi alisoma matokeo kwa sauti ya upole, akamwambia mzee kwamba macho huchoka na si aibu, na kwamba Ijumaa itakuwa siku yake ya mwisho. Nilitikisa kichwa kwa huzuni ya kutosha. Mzee aliuliza tu kama barua ya kumsifu itapatikana, maana pa kurudi palikuwa maghalani.

Ijumaa hiyo alikuja mezani kwangu na daftari.

"Dada, unionyeshe fasi nilikosea. Sipende kufa na kosa yangu."

Ningeweza kusema wakati ule. Badala yake nilimvutia kiti, nikaweka tone hai chini ya hadubini, nikamfundisha.

"Hiyo unaita kichwa ni kivuli ya taa, mzee. Ndiyo maana ukitia dawa inapotea. Ingekuwa ya kweli ingebaki."

Alitazama kwa muda mrefu. Nilimwona akibishana na jicho lake, kisha akalishinda.

"Kumbe," alisema. "Aksanti, mwalimu."

Akafungua daftari. Lilikuwa limejaa michoro ya penseli, kila kiumbe alichokiona tangu aajiriwe, kila pacha na kinundu chake. Akaniomba kifutio. Akaanza ukurasa wa kwanza, akifuta vichwa kimoja kimoja, taratibu, asiharibu karatasi. Kifutio kilipokwisha, nilimpa kingine.