Matembezi Bila Jembe

Nakumbuka asubuhi moja kwenye njia ya Narung'ombe, mwanangu, nilipogundua kwamba nafuatwa. Kijiti kinavunjika nyuma yangu, nikisimama, kimya. Nikitembea, kinalia tena. Usicheke. Miaka ile ya mwanzo wa themanini, mgeni kama mimi, mwalimu wa kutoka Rombo aliyepangiwa Likunja na kuoa hukohuko, hakukosa wa kumwangalia kwa jicho la pembeni. Lakini aliyeninyatia siku ile hakuwa mgambo wala mwizi. Alikuwa mama mkwe wangu.

Ngoja nikueleze ilivyoanza, maana jana umerudi kutoka hospitali na uso wa mtu aliyetapeliwa sokoni, nami uso huo naujua.

Sikuwa hata nimetimiza miaka arobaini na tano. Kifua kilianza kunibana nikipandisha baiskeli mlimani, maumivu yanashuka mkono wa kushoto, nikipumzika, yanaondoka. Mwishowe nikadandia lori la mihogo hadi Nachingwea, nikaenda hospitali ya misheni. Daktari, mzee mmoja asiye na haraka, alinipima kwa muda mrefu. Akaniambia moyo nao una mishipa yake ya kuulisha damu, na yangu imeanza kuziba kwa mafuta. Akanipa vidonge vichache vya kuweka chini ya ulimi nikibanwa, kisha akasema, "Mwalimu, sigara basi. Nyama ya mafuta basi, chumvi punguza. Na utembee kila asubuhi, kidogo kidogo, ukibanwa, simama. Hiyo ndiyo dawa yako."

Dawa! Miaka ile hata sabuni tulipanga foleni, na hospitali nyingi uliambiwa dawa zimekwisha kabla hujakaa. Nikajisemea, huyu mzee hana kitu kabatini, ananifukuza kwa maneno mazuri. Sindano iko wapi? Mgonjwa gani anaambiwa atembee? Kwetu mgonjwa hulazwa akapikiwa supu yenye mafuta yanayoelea juu. Nikarudi Likunja nimenuna.

Lakini kifo kinatisha, bwana. Nikaanza kutembea, nusu naamini, nusu siamini. Nikamwambia mke wangu, Skola, anipikie kunde bila mafuta, samaki wa kuchemsha, na ming'oko, ile mizizi ya porini wanayoipenda watu wa huku. Sababu sikumpa. Nilisema tu tumbo linasumbua, maana sikutaka kuonekana mgonjwa ukweni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kijiji ndicho kilichotangulia kuniumbua.

"Nimepika nini kibaya?" Skola akaniuliza. Nikasema hakuna. Akaendelea kuchambua kunde kwa nguvu, na Skola akichambua hivyo, ujue kuna jambo.

Sasa weka pamoja: mwanaume hali nyama anayopika mkewe, na kila alfajiri anatoka. Tena anatoka mikono mitupu! Kule mtu wa njiani asubuhi ana jembe begani. Akikosa jembe ana panga, au ndoo, au amefiwa. Asiye na kitu ni mchawi anayetoka kazini au mzinzi anayekwenda. Lisemwalo lipo, wakasema. Mama mkwe, Bibi Tekla, akaamua kwenda kuliona kwa macho yake. Jamani, mkwe kumfuata mkwe, wakati kwa heshima tulikuwa tukikutana njiani mmoja anaingia majanini ampishe mwenzake!

Basi asubuhi ile, kwenye mwinuko, kifua kikanikaba kuliko siku zote. Nikaukumbatia mkorosho, jasho linanitiririka, nikapapasa kidonge nikakiweka chini ya ulimi. Niliogopa sana. Niliona nakufa, tena nakufa na jina baya. Ndipo akatokea, jembe begani, akasimama ng'ambo ya njia, uso ameugeuza kama adabu inavyotaka.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyo mwanamke wako."

Sikuwa na pumzi ya kudanganya. Nikamweleza yote, daktari, mishipa na kunde. Hakuniamini. Akaketi palepale akanitazama, safari hii usoni kabisa, mpaka maumivu yaliponiachia.

"Kwa hiyo dawa yako ni kutembea, na kula kama tunavyokula sisi siku zote?"

"Ndivyo alivyosema. Ila hata mimi, mama, namshuku. Nadhani alikuwa hana dawa."

"Na nguruwe wa kukaanga unayemla Jumamosi kwa rafiki yako fundi baiskeli?"

Mungu wangu! Kumbe alinifuata hata huko.

Akasimama, akakaza kanga yake. "Sikiliza, mkwe wangu. Mimi nilikushuku, nikakufuata mpaka mwisho wa njia nijue. Wewe unamshuku daktari. Umemfuata mpaka wapi?"

Akalilaza jembe katikati ya njia, maana mkwe na mkwe hawapeani kitu mkononi, akasogea pembeni. "Beba hilo. Watu wakikuona nalo watanyamaza."

Nikalibeba. Skola alipoambiwa alilia, akanitukana, halafu akaninyang'anya kopo la chumvi. Sigara nikaacha, na nguruwe wa fundi pia, kwa sababu Jumamosi kijiti kiliendelea kuvunjika nyuma yangu. Mwenda pole hajikwai. Miezi ikapita, na siku moja nilifika juu ya mwinuko ndipo nikakumbuka kwamba ule mkorosho nimeupita bila kusimama. Nikageuka. Bibi Tekla alikuwa kule chini ameuegemea, anahema, ananipungia mkono niendelee.

Niliporudi misheni, daktari alifungua kabati anitolee vidonge vingine. Lilikuwa limejaa tele.

Sasa, mwanangu, sikukatazi kushuku. Mshuku daktari, lakini mfuate mpaka mwisho ndipo useme. Meza vidonge ulivyopewa, rudi kliniki siku uliyopangiwa, acha mafuta na sigara, na utembee ukianza na kidogo. Kifua kikibana, simama. Kisipoachia, ukimbizwe hospitali. Na usiwafiche walio nyumbani kwako.

Jembe lile liko nyuma ya mlango, mpini nimeubadilisha. Mungu aufungulie moyo wako njia zake, akupe miguu ya kuzika wazee na kulea wajukuu. Utoke kesho alfajiri. Ukisikia kijiti kinavunjika nyuma yako usigeuke, ni mimi.