Shukrani ya Kitindamimba

Kanisani walimwita Mama Nipo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilobatizwa nalo. Likitangazwa jambo lolote, kufagia ukumbi, kumtazama mgonjwa au kuwapikia wageni chai, wakati wengine wakianza kukagua viatu vyao, sauti ilisikika kutoka safu ya tatu: "Nipo." Watu wakashusha pumzi, wakainua vichwa tena. Kanisa lililopata mtu wa namna hiyo hulala usingizi mnono, tena bila hata kumuuliza yeye amelala vipi.

Kazi yake ilikuwa udobi wa hospitali. Tangu asubuhi alitoa mashuka mabichi kwenye mashine kubwa, akayakamua, akayabeba hadi kwenye meza ya pasi, na mvuke ukamchemsha uso mpaka nyusi zikadondosha maji. Akitoka hapo alipitia kanisani kuchukua majoho ya kwaya, akayafue nyumbani. Nani alimtuma? Hakuna. Kwaya ilisema tu majoho yamechafuka, naye alikuwa karibu.

Nyumbani sasa, huko ndiko alikokuwa mtu mwingine. Kijiko kikianguka, kelele. Daftari likisahaulika mezani, kelele. Watoto wake watatu walijifunza kutembea kwa vidole wakisikia geti likifunguliwa, na mdogo wao, msichana wa miaka saba, alikuwa na tabia ya kumtazama mama usoni kwanza kabla ya kumsalimia. Mama aliiona tabia hiyo. Ilimuuma, halafu maumivu yenyewe yakageuka hasira, na mtoto akagombezwa kwa kukodoa macho.

"Mke wangu, pumzika basi hata kidogo," mumewe, fundi wa friji, alimwambia mara nyingi.

"Nikipumzika mimi atafanya nani? Wewe?"

Fundi alichukua bisibisi yake akaenda uani kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Aibu alikuwa nayo, tusimsingizie. Kila alipowafokea watoto alijifungia bafuni akafungulia maji, akalia, akaomba: "Bwana, nipe nguvu." Nguvu za nini? Za kufanya mengi zaidi. Kuomba apunguziwe mzigo hakukumwingia akilini, kwa sababu aliamini kwamba mama anayemtegemea Mungu hachoki, na akichoka basi imani yake ina kasoro. Jambo kama hilo huwezi kumwambia mtu. Kwa hiyo alinawa uso, akajikaza kisabuni, akatoka.

Mwisho kiuno ndicho kilichosema hapana. Aliinama kubeba furushi la mashuka, akashindwa kunyooka, wenzake wakamtoa pale amekunjika hivyohivyo. Daktari akamlaza nyumbani wiki nzima, chali, bila kuinua hata sufuria. Kwa Mama Nipo ile ilikuwa wiki ya fedheha. Akina mama wa kanisa walikuja kumpa pole, naye akawaomba radhi kana kwamba amewaibia. Siku aliporuhusiwa kusimama alirudi kwenye mashuka, kwenye majoho na kwenye kelele, na wiki ile akaifuta kichwani.

Sasa kanisa lao lilikuwa na utaratibu wake. Kila shule zinapofunga, watoto hupanga mstari mbele ya madhabahu, na mke wa mchungaji hupita na kipaza sauti. Kila mtoto hutaja jambo moja analomshukuru Mungu. Jumapili hiyo mmoja alishukuru kwa baiskeli. Mwingine akashukuru kwa jino lililong'oka bila kuuma. Kipaza sauti kikafika kwa kitindamimba wa Mama Nipo, nywele zimesukwa vizuri, soksi zimevutwa mpaka magotini.

"Namshukuru Mungu kwa sababu mama aliugua."

Kanisa likaangua kicheko. Mke wa mchungaji naye akacheka, akamwinamia. "Unataka kusema mama alipona, eti mwanangu?"

"Hapana, mama mchungaji. Aliugua."

Kicheko kikapungua. Mtoto akatazama safu ya tatu, kama alivyozoea, kuangalia hali ya hewa. Na Mama Nipo akamkazia macho. Macho yale yalijulikana nyumbani tu. Kanisani hayakuwahi kuonekana, na hata siku ile hakuna aliyeyaona isipokuwa yule aliyelengwa. 

"Alipona," mtoto akasema.

Watu wakapiga makofi, wakasema amina. Mama Nipo alipiga makofi pia, huku masikio yanawaka moto. Alijua kilichotokea. Mwanawe alikuwa amesema kweli mbele ya Mungu, na yeye, ambaye kanisani hufundisha akina mama wenzake, alikuwa amemlazimisha kuimeza. Laiti ardhi ingepasuka.

Nje, wenzake walimzunguka wakicheka. "Kitindamimba wako ana vituko. Ulimi umemteleza, maskini." Akacheka nao. Mke wa mchungaji akamkumbusha kwamba saa nane kuna kikao cha wanawake walioolewa karibuni, na yeye ndiye wa kuwafundisha jinsi ya kutunza amani nyumbani. Akakubali. Aliona haya hata kwa kukubali huko, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea.

Mezani mtoto hakula. Alizungusha chakula kwenye sahani mpaka baba yake akamuuliza kulikoni.

"Baba, mtu akidanganya kanisani, Mungu anamfanya nini?"

Fundi alimtazama mkewe. Ndugu wawili wakubwa wakaacha kutafuna. Kila mmoja pale mezani alikuwa anasubiri kelele, na Mama Nipo akaona jinsi walivyojiandaa kuipokea: mabega juu, vijiko chini. Hakuwahi kuwatazama wakijiandaa. Aibu ya kanisani ilikuwa ndogo, kumbe.

"Hujadanganya wewe," alisema. "Mimi ndiye niliyekudanganyisha. Nilikutolea macho, ukaogopa."

 Mtoto hakujua kama huo ni mtego.

"Ulitaka kushukuru nini hasa?"

"Utakasirika."

"Pengine nitakasirika. Lakini sitapiga kelele. Sema."

Msichana akasema akiitazama sahani. Kwamba mama alipougua alikuwa kitandani kila wakitoka shule. Kwamba alimsuka nywele akiwa amelala, zikatoka kombo, wakacheka wote. Kwamba aliwahadithia alivyokuwa akiogopa kuku alipokuwa mdogo. Kwamba kaka alivunja kikombe na mama akasema tu, "Angalia usijikate."

Mama Nipo hakukumbuka hata kimoja. Yeye alikumbuka dari, dawa na majoho yaliyokuwa yakimngoja.

Mumewe akamnong'oneza kwamba saa nane inakaribia. Akamjibu awapigie simu awaambie kwamba leo mkewe hana la kumfundisha mtu. Kisha akamgeukia mtoto. "Basi mwambie Mungu mwenyewe. Kama ulivyotaka kumwambia."

Mtoto akafumba jicho moja. La pili alilibakiza kwa mama.

"Mungu, asante mama aliugua. Asante kwa nywele na kwa hadithi ya kuku." Akampima mama kwa lile jicho. "Najua amepona. Lakini tafadhali asipone sana."

Kaka mkubwa alikaribia kucheka, akajizuia. Mama Nipo aliona lile jicho linamsubiri, na kwa aibu hakuweza kulitazama. Akainamisha kichwa, akafumba macho yake yote mawili, ili mtoto amalize.