Ndugu Tisa wa Muharami

Muharami Bwanausi wa Kerege alikuwa na ndugu wengi kuliko aliojaliwa na Mungu. Kwenye orodha yake ya shirika la ndege waliandikwa shangazi wanne, wajomba watatu, baba mdogo mmoja na mama. Jumla tisa. Wa kweli alikuwa mama peke yake.

Kazi yake ilikuwa kuongoza misafara ya umra. Kampuni moja ndogo ya Bagamoyo ilikusanya wazee wa mjini na wa vijiji vya bara, toka Lugoba mpaka Miono, naye akawapeleka Makka na kuwarudisha, mara tatu nne kwa mwaka, miaka kumi na mmoja. Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Aliwafunga mikanda, aliwashika mikono kwenye ngazi za umeme, alijua nani ana sukari na nani haoni vizuri magharibi ikiingia. Safari hizo zote zilimjazia pointi kwenye kadi yake ya uanachama, na kwa pointi hizo mwanachama aliruhusiwa kumhamisha ndugu yake kutoka viti vya nyuma hadi vile vya mbele vinavyolala kama kitanda. Ndugu tu. Kuuza kulikatazwa, na masharti yalikuwa wazi, ila nani husoma masharti?

Muharami aliyasoma. Hilo ndilo linaloniudhi. Aliyasoma, akaona neno "ndugu", akajiambia kwamba pwani hii kila mama mtu mzima ni shangazi yako na kila mzee ni mjomba wako, basi uongo uko wapi? Akaanza kuwauzia viti hivyo wenye magoti mabovu na wenye watoto Ulaya. Kwa alichopata alimwezekea mama yake bati jipya, akamtilia na sakafu ya marumaru. Kisha, kwa pointi zilizobaki, akamkatia tiketi nzima ya umra.

Mama huyo, Bi Batuli, alikuwa na miaka sabini na mbili. Kwa wiki mbili alizunguka Kerege nzima kuomba radhi, maana aendaye Makka haondoki na kinyongo cha mtu. Alikwenda hata kwa Kuruthumu, jirani ambaye hawakusemezana miaka sita kwa ajili ya mpaka wa shamba la mananasi. Walilia wote wawili. Siku ya kuondoka alisomewa dua, na wanawake wakamsindikiza mpaka barabarani wakimtajia watoto wao wa kuwaombea.

Uwanjani Dar es Salaam, mbele yake kwenye foleni, alikuwa Bi Mina, mjane wa mwenye duka wa Bagamoyo, "shangazi" wa nne. Muharami alikwisha kumfundisha: akiulizwa, aseme huyu ni mpwa wangu. Dada wa kaunta alitazama kompyuta yake, akamwita msimamizi.

"Shikamoo, bibi," alisema msimamizi. "Huyu Muharami Bwanausi ni nani wako?"

"Marahaba." Bi Mina aliitikia. "Baba, mie nimetoka kwangu na udhu wangu, nakwenda kwenye nyumba ya Mungu. Sianzi safari kwa uongo. Huyu ni kiongozi wetu. Kiti nimekinunua kwake, na Mungu ambariki, maana magoti yangu hayakunjiki."

Aliyasema kwa shukrani kabisa. Na hapo ndipo akili ya Muharami ilipokuwa imelala. Angewauzia wafanyabiashara waendao China, wangemdanganyia mpaka leo. Yeye aliwauzia watu waliokuwa njiani kwenda kutubu, halafu akawaomba waongeze dhambi moja mlangoni.

Msimamizi alipiga simu, akarudi na karatasi. Uanachama umefutwa. Pointi zote zimekwenda. Waliohamishwa mbele watarudi viti vya nyuma, kwa kuwa tiketi zao za kawaida walizinunua wenyewe. Ile tiketi iliyokatwa kwa pointi tupu, imefutwa.

"Ya nani hiyo?" Bi Mina aliuliza.

Muharami alikuwa amekwisha kugeuka kumtazama mama yake.

Alijaribu kila njia. Alisema yule ni mama yake mzazi, akaonyesha cheti cha kuzaliwa kwenye simu. Msimamizi akamjibu kwamba hata wale wengine aliwaandika ni ndugu. Bi Mina, huku analia, alivua bangili zake amlipie mwenzake tiketi nyingine. Ndege ilikuwa imejaa, hata nafasi zilizoachwa zilikuwa na wanaozingoja, Ramadhani ilikuwa imekaribia, na viza ya Bi Batuli ilikuwa ya kundi, bila kundi haifai kitu. Muharami akasema basi na yeye haendi.

"Utakwenda," mama yake alisema. Alikuwa amekaa kwenye benchi na nguo zake nyeupe, begi miguuni. "Wazee ishirini na wawili hawa ni amana. Mimi niitie gari nirudi."

Akaenda. Aliwazungusha wazee Kaaba mara saba, akiwasomea dua nao wakimfuatisha. Kampuni ilimwachisha kazi kwa ujumbe wa simu akiwa huko huko. Kerege nako waliomsindikiza Bi Batuli walimcheka kuwa amerudi kabla ya kwenda, na siku kumi hakutoka ndani. Kuruthumu peke yake ndiye aliyempelekea uji.

Kwetu mtu akirudi kutoka Makka unamwahi kabla hajaingia nyumbani, ukamwomba akuombee, maana dua yake bado ina uzito. Muharami aliposhuka na begi lake alimkuta mama yake barazani, mikono ameikunjua.

"Niombee, mwanangu," alisema, na hakukuwa na kejeli ndani yake.

Muharami aliona haya kumwombea. Akaona bora atoe habari njema aliyokuja nayo. "Mama, nimekufanyia umra. Nimehirimia, nikanuia kwa jina lako, nikaimaliza yote."

Mikono ya Bi Batuli ilishuka. Alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, hana fimbo, hana wa kumshika.

"Umra ya badala hufanyiwa maiti, Muharami, au mtu asiyejiweza," alisema taratibu. "Mimi umenihesabu yupi?"