Leso Alizozibeba Mama Mkwe Hadi Fort Jesus

Mume wangu alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mkate, akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea Kariobangi, akarudi nalo Njiru likiwa na kitanda cha mbao, jiko dogo la gesi na dirisha lililokatwa ubavuni. Majirani walikuja kulitazama. Mmoja aliuliza kama hilo bado ni gari ama ni nyumba ya kupangisha. Mume wangu, ambaye ni dereva wa duka la vifaa vya ujenzi, alisema tungelitumia kwenda Mombasa kuona Fort Jesus. Hoteli hatungeiweza, lakini mafuta na unga tungejikaza.

Nilifurahi mpaka aliponiambia kwamba mama yake anakuja pia.

Mama mkwe anaishi kijijini, upande wa Machakos, na si mtu wa safari. Kwenye harusi yetu aliondoka kabla keki haijakatwa. Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyepiga simu mwenyewe baada ya kusikia habari za gari, akauliza linaondoka lini. Hakuuliza kama kuna nafasi. Nikajiambia anakuja kunichunguza, na ndani ya gari la mkate hakuna mahali pa kujificha.

Tulimkuta kando ya barabara kuu amevaa koti lake la kanisani, amekumbatia mkoba wa kitambaa. Niliponyoosha mkono nimpokee, akasema, "Huu uache, mwanangu. Si mzito." Aliuweka mapajani na hakuushusha hata tulipokula.

Mimi kwetu ni Murang'a. Kikamba na lugha yetu zinakaribiana, kwa hivyo mama na mwanawe wakizungumza mimi huambulia nusu. Ile nusu nyingine ndiyo hunisumbua. Tuliposimama Mtito Andei kupika chai, nilikuwa nyuma ya gari nikisuuza vikombe. Nikamsikia akitaja mwanamke, halafu watoto, halafu kitu kama "usimwambie." Maji yalinimwagikia miguuni. Tuna msichana mmoja tu, ambaye tulikuwa tumemwacha kwa dada yangu, na mama mkwe alishaniuliza zaidi ya mara moja wengine watakuja lini. Sikuwa na shaka ni mimi ninayezungumziwa.

"Mama anasemaje?" nilimuuliza mume wangu alipokuja kuchukua kikombe chake.

"Anasema kuna joto."

"Joto tu?"

"Na wewe umeanza," akasema, akaenda kukagua breki, ambazo zilikuwa zikilia njia nzima.

Tulilala kwenye kiwanja cha kanisa moja nje kidogo ya Mombasa, kwa ruhusa ya mchungaji. Kwa desturi zao, mama halali chumba kimoja na mwanawe na mkewe, basi mume wangu akatandika godoro lake kwenye hema, nami nikalala garini na mama mkwe. Mkoba ulikuwa katikati yetu.

Asubuhi tulifika Fort Jesus. Mume wangu akaenda kupanga foleni ya tiketi. Mama mkwe akasema magoti yanamuuma, hatapanda ngazi zozote, sisi tuingie tu naye atatungoja kivulini. Alisema haya akiangalia pembeni. Nikamwambia mume wangu nimesahau kitambaa changu cha kichwa garini, nikarudi nyuma.

Kivulini hakukuwa na mtu. Niliona lile koti likipita kati ya vibanda vya vinyago, likisimama kwa kila muuzaji kisha likisonga mbele, haraka kuliko magoti yanayouma. Nilifuata, nikasimama nyuma ya rafu ya twiga wa mbao.

Kwenye kibanda cha mwisho alikuwepo mzee akipiga bakuli msasa. Mama mkwe alimsalimu kwa Kikamba, mzee akajibu kwa Kiswahili cha pwani. Alikuwa amekaa huko mpaka lugha ya kwao ikawa nzito mdomoni. Basi mama mkwe naye akahamia Kiswahili, nami kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nikasikia kila kitu.

Alikuwa akiuliza habari za mumewe. Baba mkwe sikumkuta hai, lakini nilijua alichonga vinyago Mombasa karibu maisha yake yote ya kazi, akirudi nyumbani Krismasi.

"Yule wa vifaru," mzee akasema. "Namkumbuka. Hakuna aliyemfikia kwa vifaru."

Mama mkwe akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na leso, zimekunjwa vizuri, mpya kabisa, nyingine bado zina karatasi ya dukani.

"Kila Krismasi alikuja na moja," akasema. "Mume wangu hakujua kujichagulia hata shati. Hizi zilichaguliwa na nani?"

Mzee alipapasa pindo la ile ya juu, akarudia bakuli lake. "Kulikuwa na mama akiuza mihogo hapo kando. Tulimpa pesa, anatuendea sokoni. Sote hapa. Wake zetu wote wa bara walivaa leso alizochagua yeye."

"Alikuwa na watoto?"

"Alikuwa nao."

"Wanafanana na nani?"

Msasa ukasimama. "Wanafanana na mama yao," mzee akasema baada ya kupuliza vumbi la bakuli. "Walihamia Malindi kitambo."

Mama mkwe akamshukuru, akafunga mkoba, akageuka. Aliponiona hakushtuka.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nilimwambia mwanangu asikwambie. Niliona haya."

Tukakaa kwenye ukingo wa ukuta. Nilitaka kumwomba msamaha kwa niliyomfikiria, lakini akaniwahi.

"Wewe ungemwamini yule mzee?" akaniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini habari za mihogo alizijibu upesi, na habari za watoto alizijibu polepole. "Sijui, mama," nikasema.

"Hata mimi. Watu waliokula sahani moja miaka hiyo yote watasema neno moja." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini vifaru amevikumbuka. Hapo hakudanganya."

Mume wangu akatokea na tiketi mkononi, amekasirika kwamba tumempoteza. Tukaingia. Mama mkwe alipanda kila ngazi. Mizinga hakuijali. Kule juu, mahali bahari inapoonekana, alimuuliza mwanawe Malindi iko upande gani, naye akamwonyesha kwa kidole, kaskazini, kufuata ufuo. Akasimama akitazama huko.

"Unataka twende, mama?" mume wangu akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Nina njaa."

Tulipika wali garini, tukala milango ikiwa wazi, kesho yake tukarudi. Njiani nilijikuta nikimtazama mume wangu kwa pembeni, nikijiuliza kazi yake imemfikisha miji mingapi ambayo siijui.

Sasa anataka tuende Malindi Desemba. Mama yake hajasema ndiyo wala hapana. Ila wiki iliyopita alinipigia mimi, si mwanawe, akauliza kama zile breki zilizokuwa zikilia zimetengenezwa.