Usiache Mwiko

Mie nikikasirika huondoka. Ndiyo dawa yangu ya miaka yote: neno likinichoma, nachukua mtandio wangu, naingia chumbani, mlango puu! Marehemu mume wangu alizungumza na mlango ule kuliko alivyozungumza na mimi.

Binti yangu, ambaye ndiye mwanangu wa pekee, anaijua vizuri tabia hiyo. Ndiyo maana Jumamosi ile alikuja kwangu Kenton, huku Uingereza, mapema, mfuko umejaa bamia, kuku na soseji za ng'ombe za bucha la halali karibu na stesheni ya Rayners Lane, akaniambia leo tunapika chakula cha kwao mumewe. Mkwe wangu ni Mmarekani mweusi, mtu wa Luiziana, Muislamu kama sisi, kijana mwenye adabu zake, sina la kumsema. Alikuwa kazini, angekuja kula mchana.

"Chakula gani hicho?"

"Gambo."

Nikachungulia mfukoni. "Mchuzi wa bamia huo, bibi we. Nimeula tangu sijaota meno."

Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza, maana huyu kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila kukisema huona taabu. Mchuzi huu, alisema, huanza na unga. Unakaanga unga wa ngano kwenye mafuta, moto mdogo, unakoroga bila kupumzika mpaka ugeuke rangi ya halua. Ukiacha mwiko kidogo tu, unaungua, na ukishaungua hauna dawa: unamwaga, unaanza upya.

"Unga unaunguzwa makusudi? Kwetu mwari akifanya hivyo anarudishwa kwao!"

Akanitia mwiko mkononi hivyo hivyo. Nikakoroga. Yeye akasimama nyuma yangu akikata vitunguu na pilipili boga. Unga ulikuwa mweupe, ukawa wa manjano, ukaanza kunukia kama njugu za kukaanga. Nikaanza kuona raha, wallahi.

Ndipo aliposema, "Mama, nataka kukwambia kitu."

Kwa Kiswahili. Mkono wangu ukasita. Mtoto huyu huniletea Kiswahili pakiwa na msiba tu, au jambo zito.

"Koroga, mama."

Nikakoroga.

"Tunahamia kwao. Kapata kazi. Na mama yake mzee, yuko peke yake."

Yallah! Damu ikanipanda kichwani. Na mimi je? Mimi ni kigori? Mimi nina watu wangapi ndani ya nyumba hii? Miguu ikaniwasha. Nikautazama mlango, nikautazama mwiko. Unga ulishakuwa wa kahawia, na kila nikipunguza mkono ulitoa moshi pembeni.

"Umenitega!" nikamwambia. "Umenitega kwa sufuria, mjanja wee!"

"Nimekutega," akasema, na machozi yanamtoka, sijui ya vitunguu au ya nini. "Ningekwambia sebuleni ungenifungia mlango."

Kweli. Na kufunga mlango sikuanza mimi. Baada ya mapinduzi kule kwetu kisiwani, nilipomwambia mama yangu kwamba mume wangu kapata njia ya kuja Uingereza na mimi namfuata, aliinuka akaingia chumbani kwake. Siku ya safari niligonga. Nikakisikia kikohozi chake mle ndani. Hakufungua, gari ikapiga honi, nikaenda. Alikufa mimi niko huku, na sauti yake ya mwisho niliyobaki nayo ni kile kikohozi.

Hayo sikumwambia mwanangu. Nilikoroga. Yeye akawa anaeleza: kule kuna joto kama kwetu, watu wanakula wali kila siku, nyumba ni kubwa. "Chumba yako iko tayari, mama. Ukija tu." Kila neno alilitafuta, mengine akayavunja, lakini hakukimbilia Kiingereza hata mara moja. Nikataka kumsahihisha, nikamwacha aseme.

"Basi, mama," akasema mwishowe. "Rangi ndiyo hiyo. Zima."

Nilimsikia. Lakini nikizima, mkono wangu uko huru, na mie najijua. Nikaendelea kukoroga. Rangi ikapita halua, ikapita kahawa, moshi ukajaa jikoni, king'ora cha moshi cha darini kikaanza kupiga kelele.

"Mama! Imeungua!"

Akafungua dirisha, akapepea taulo mpaka king'ora kikanyamaza. Kisha akasimama kando, akanipisha njia ya mlangoni, akingoja nichukue mtandio wangu. Mimi nikaumwaga ule unga, nikaisugua sufuria, nikaiinjika tena.

"Lete unga," nikamwambia. "Na uniambie tena, tokea mwanzo."