Kanzu Nyeupe na Mpira wa Maji

Jamani, haya nje ya nyumba yangu sijawahi kumwambia mtu kwa hiari yangu, maana waliotaka kuyajua waliyaona kwa macho yao pale bombani mtaani kwetu Ng'ambo, mchana kweupe. Aibu ile ninayo mpaka leo. Mkipenda kucheka chekeni, ila ya mwisho msicheke.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi wa bomba hapa Tabora, na mtaa mzima mwenye koki uani kwake nilikuwa mimi peke yangu (majivuno niliyokuwa nayo, we acha tu!). Kando ya kazi nilitengeneza ngozi za mbuzi za kuwambia ngoma. Fundi mkuu wangu, Mzee Kapela wa Ipuli, siku ya kwanza kabisa kunipa spana aliniambia, "Mwanangu, mdomo wa mpira wa maji usizame ndani ya pipa. Uning'inie juu. Bomba likikosa nguvu, linavuta kilichopo likawapelekea watu." Na nguvu zilipungua kila siku, maana treni ya Mwanza ikisimama stesheni kunywa maji, mabomba ya mtaani yalibaki kukohoa. Nilijua. Wengine niliwafokea mimi mwenyewe kwa kosa hilo hilo.

Basi, siku hiyo ilikuwa ya posa yangu. Nilimposa Mwanaidi, mjukuu wa Bi Tausi, bibi aliyemlea tangu mama yake afariki, na nyumba yao ilikuwa chini kidogo ya kwangu, jirani na bomba la mtaa. Ami yangu na wazee wawili wakatangulia kupeleka maneno, mimi nikabaki nyumbani kama ilivyo desturi, nimevaa kanzu mpya nyeupe, sina la kufanya, naranda huku na huku, mara nikaona pipa langu la ngozi limepungua maji (zilikuwa na siku nne humo zinyonyoke manyoya, harufu yake msiniulize), nikasema niongeze kidogo. Nikafungua koki, maji yakaruka, nusura yaniharibie kanzu. Nikausukuma mpira mpaka chini kabisa ya pipa, nikaenda zangu kujitazama kwenye kioo.

Treni ikapiga honi huko stesheni. Wala sikushtuka.

Haukupita muda nikasikia hodi, jirani yangu Mama Rehema na debe lake. "Fundi, njoo! Maji yananuka mzoga, yana manyoya!" Nikatoka mbio, nikakuta wanawake wamejaa bombani, nami nikapanda juu ya jiwe (jamani, jiwe!) nikahutubia: watu wa Isevya, mtaa wa pili, wametupa mzoga mahali, nitawashitaki kwa bwana maji, kwenye mtaa wangu mimi upuuzi huu haupiti! Wakanipigia vigelegele. Mzee Kapela naye alikuwa amefika na baiskeli yake, akachukua unyoya mmoja kwenye debe, akausugua vidoleni, akaunusa. Akaanza kulifuata bomba kupanda juu, watu nyuma yake, nami nyuma yao bado nawatukana watu wa Isevya, mpaka akasimama uani kwangu. Pipa lilikuwa limebaki nusu. Akauvuta mpira taratibu, ukatoka na manyoya yamening'inia, akauinua wote wauone.

"Mwanangu," akasema, "nilikwambia nini?"

Walinizomea hao! Mama Rehema akaniuliza mbuzi wangu kahamia lini Isevya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo ami yangu akatokea, akanivuta pembeni. Yeye hakucheka. Kumbe kule kwenye posa waliletewa maji, wazee wakayanusa wakayaweka chini, na Bi Tausi akakasirika. "Bomba hili analitunza mkwe wangu, haliwezi kutoa uchafu. Mnataka kumwaibisha siku yake?" Akashika glasi yake, akainywa yote mbele yao, kisha akasema posa ameikubali.

Jioni akaanza kuharisha. Waliougua mtaani walikuwa wengi, wakapona, lakini mwili wake ulikuwa umechoka kwa uzee. Nilishinda mlangoni hospitali siku tatu, naogopa kuingia, mpaka akaniita mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akanitania, sauti imekwisha. "Hebu niambie, yale maji yalikuwa na nini? Hawa hawataki kuniambia."

Mwanaidi alikuwa amekaa kitandani, anampepea. Akaacha kupepea, akanitazama.

Nikasema, "Mzoga, bibi. Watu wa Isevya."

"Nilijua si wewe," akasema Bi Tausi, akanishika mkono.

Tulimzika Ijumaa. Baada ya arobaini ami yangu alirudishiwa kila kitu cha posa, na Mwanaidi nilikutana naye mara moja tu, bombani, akajitwika debe lake kwanza ndipo akasema, "Ungemwambia ukweli angekusamehe. Alikuwa anakupenda yule." Akaenda zake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuzomewa, maana najua ni kweli, angenisamehe.

Sasa nikijaza pipa siliachi. Nausimamia mpira, nimeushika juu ya maji mpaka pipa lijae, na watoto wangu wananicheka kwamba baba analowa bure wakati angeweza kuutumbukiza tu. Wakiniuliza kwa nini, nawaambia yote, na Isevya siitaji.