Bafta Nyeupe ya Bibi Edina

Nisiwafiche, mimi ndiye yule dada wa Mbinga ambaye watu wa mwambao wa ziwa wakimwona anashuka kwenye gari wanachungulia kwanza amebeba nini kwenye mfuko, na wakisharidhika kwamba ni sukari na sabuni tu ndipo wanaitikia salamu. Nimekubali kuwasimulia mwenyewe kwa mdomo wangu kwa sababu najua mmeshasikia ile iliyotiwa chumvi (eti nilikimbia mpaka ziwani, uongo, niliishia kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani), lakini naomba msicheke kabla sijamaliza, maana mwenzenu hadi leo nikisikia kengele ya kanisa inalia siku isiyo Jumapili nampigia bibi simu kwanza.

Mnajua kazi yangu. Nina cheti cha uhudumu wa afya, nilikisomea Songea, nikarudi Mbinga na kuishia nyuma ya kaunta ya duka la dawa, nauza dawa za minyoo na za mafua, mwaka wa sita sasa. Hofu yangu kubwa ilikuwa hiyo kaunta. Nilikuwa nikiegemea pale mchana, duka halina mtu, najiona nina miaka hamsini na bado nimeegemea palepale. Basi rafiki yangu mmoja niliyesoma naye akanitumia orodha ya kazi zinazotafutwa ng'ambo, kwenye nchi za baridi ambako wazee ni wengi na vijana ni wachache: mafundi wa kuchomelea, mafundi umeme, wauguzi, madereva wa malori, na pale chini kabisa, walezi wa wazee. Ukishafanya kazi miaka kadhaa bila doa unaomba ukaazi wa kudumu, unakuwa mtu wa kule. Nilisoma ule mstari wa walezi wa wazee mara tatu, wala sijui ilikuwa furaha au woga.

Nikaomba. Vyeti vikapita, Kiingereza kikapita kwa kuchechemea, ikabaki hatua moja: usaili kwa simu ya picha, ambapo nilitakiwa nimgeuze mgonjwa kitandani, nimfute mwili na nibadilishe shuka bila kumtoa kitandani. Na mgonjwa awe mtu wa kweli, aliyeridhia. Nilikwenda kuomba wodi, muuguzi mkuu akaniambia, "Andika barua, mdogo wangu, ndani ya wiki mbili utajibiwa." Usaili ulikuwa Alhamisi na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kweli, wa kusema: bibi si yupo?

Bibi Edina ndiye mama wa marehemu mama yangu. Anaishi ziwani, mbele kidogo ya Mbamba Bay, amepita themanini na bado analima muhogo wake mwenyewe na kugeuza usipa vichanjani kabla jua halijawa kali. Nilimpigia simu nikamweleza.

"Nijilaze mgonjwa wakati mimi mzima?" akasema. "Mke mwenzangu, huo ni uchuro." (Ananiita mke mwenza, ndio utani wetu.)

"Dakika ishirini tu, bibi. Nikipita nitapata ukaazi wa kudumu."

"Ndio nini?"

"Ni kwamba wanakuruhusu kukaa kwao mpaka unakufa."

"Na hapa nani alikukataza?" Lakini akakubali, kwa sababu hajawahi kuninyima kitu.

Alhamisi nikateremka na gari la kwanza, na zile kona za kushukia ziwani nilizipita macho nimefumba nikirudiarudia maneno ya Kiingereza. Nafika kijijini, nafungua begi, shuka nyeupe nimeisahau Mbinga! Za bibi zote ni za maua, na mimi nilitaka chumba kifanane na wodi. Nikatoka mbio mpaka duka la Mzee Haule, duka pekee linalouza vitambaa pale.

"Shikamoo mzee. Una bafta nyeupe?"

"Marahaba. Ipo." Akanitazama. "Ni ya nani, binti?"

"Ya bibi. Nikatie ya kumtosha kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nina haraka mzee, saa nane lazima tuwe tumeanza."

Mzee Haule alivua kofia. Akapima polepole, akakata, akakunja vizuri, akaniwekea juu yake pakiti ya pamba. "Hii chukua tu," akasema. "Pole sana, binti yangu." Na mimi, kwa akili zangu zote za cheti, nilidhani ananipa pole ya safari, na nikasema moyoni, kweli watu wa huku wana ukarimu!

Mmeshaona mambo yanakokwenda. Mimi sikuona. Nilirudi nikakuta chumba cha kulala kina giza, nikaamua tutumie sebule, na ili kitanda kiingie nikatoa viti vyote nje, nikatoa meza, nikatoa na kabati la vyombo, nikavipanga uani. Halafu Mama Suzana, jirani, alikuwa anatwanga mihogo, na kishindo cha kinu kingeingia kwenye simu, nikamwendea mbio nikamwomba, "Mama, naomba tusitwange kidogo. Ni bibi." Akaweka mchi chini, hakuniuliza neno. Nikarudi ndani nikafunga mlango.

Sasa nyie niambieni. Mjukuu ametokea mjini bila taarifa, amenunua bafta nyeupe, kitambaa cha sanda, kwa haraka, ametoa viti nje, amezuia watu kutwanga, amejifungia ndani. Kijiji gani cha kwetu kitahitaji kuambiwa zaidi ya hapo?

Saa nane kamili simu ikaita, nikaisimamisha juu ya kinu cha bibi nilichokigeuza. Akatokea mama mmoja wa makamo, miwani, sauti ya upole, tumwite Madamu. Akamsalimu bibi, bibi akainamisha kichwa, nikaanza. Na jamani, nilikuwa nafanya vizuri! Nilimwambia bibi alegee kabisa, asinisaidie, na bibi akitii huwa anatii. Nikamgeuza kushoto, nikamfuta mgongo na mikono kwa kitambaa cha maji baridi, nikatandika nusu ya bafta, nikamgeuza kulia, nikavuta nusu ya pili, nikamfunika hadi kidevuni. Madamu akawa anaandika huku akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Nilishajiona kwenye theluji.

Ndipo kengele ya kanisa ikalia. Ngo. Kimya. Ngo. Kimya. Ile ya msiba.

Nikajiuliza, nani tena amefariki? Lakini nikaendelea, kwa sababu Madamu alikuwa ananitazama. Kisha nikasikia miguu uani, mingi, na mizigo ya kuni inatuliwa, na sauti ya mwanamke ikapasuka mlangoni kwetu, "Bibi Edina weee! Umetuacha na nani, bibi weee!" na nyingine zikadakia.

Nikamtazama bibi. Macho amefumba. Mdomo uko wazi. Nikamwita, "Bibi." Kimya. Nikamshika mkono, wa baridi (nilikuwa nimetoka kuufuta kwa maji baridi, lakini nani alikumbuka hilo). Nikatafuta mapigo kwa kidole gumba, kitu ambacho chuoni walitukataza siku ya kwanza, na vidole vyangu vilitetemeka kiasi kwamba sikusikia chochote. Nje wanalia jina lake. Nikawaza, kijiji kizima hakiwezi kukosea. Nikawaza, alisema ni uchuro. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe, na sikumtikisa, sikumwita tena, sikuweka sikio kifuani kwake. Nilimwachia mkono ukaanguka, nikafungua mlango, nikatoka peku na glavu mkononi nikipiga kelele, "Nimemuua! Nimemuua bibi yangu!"

Basi vilio vikakatika.

Mimi nikapita katikati ya watu mpaka vichanjani, nikajikwaa, nikaanguka juu ya usipa wa watu. Akina mama walininyanyua, wakanifunga kanga kiunoni, na mwenyekiti wa kitongoji akaja akasimama mbele yangu. Hakuwa na ukali, na hicho ndicho kilichonitisha.

"Binti, rudia ulichosema."

Nikaona wanaume wanasogea, nikaona Mzee Haule anamnong'oneza mtu sikioni, nikajua anaeleza kwamba bafta niliinunua mapema, kabla ya kufa mtu, na kwamba nilitaja hadi saa. Mama Suzana akaondoa mkono wake begani kwangu taratibu. Nawaambia, watu walionilea, walionipa uji nikiwa mdogo, walikuwa wananitazama kama mtu wasiyemjua, na mimi mwenyewe nilikuwa najitazama vilevile. Simu yangu ya pili, ile ndogo ya kupigia tu, ikaita kiunoni, alikuwa baba mdogo anayeishi Kitai, fundi seremala, habari zilishamfikia, analia, na katikati ya kulia ananiuliza, "Mwanangu, bibi urefu wake ni kama futi tano, eti? Mbao ninazo, naanza kukata."

Kabla sijajibu mlango wa nyumba ukafunguka.

Bibi Edina alisimama pale kizingitini, amejizungushia ile bafta nyeupe kichwani mpaka miguuni, na mkononi ameshika simu inayong'aa kwa uso wa Mzungu.

"Mke mwenzangu!" akaita. "Mgeni wako anauliza jambo, mimi simwelewi!"

Sijawahi kuona uwanja ukiwa mtupu haraka namna ile. Mwenyekiti alipita juu ya kabati la vyombo. Mzee Haule alinasa kwenye viti vyetu, akaenda navyo viwili. Kuna waliosimama majini hadi magotini, wanaomba kwa sauti. Nikabaki mimi peke yangu.

Bibi akanifikia, akanipa simu. Madamu alikuwa ameshika mdomo, na alipoona uso wangu akauliza tena swali ambalo nadhani alikuwa ameliuliza mara nyingi kwenye ile sebule tupu, taratibu, kama anayesema na mtoto: "Nani yuko na mgonjwa?"

Nikaigeuza simu, nikamwonyesha bibi.

Mengine yalikuwa kusafisha tu. Kumzuia baba mdogo asikate mbao (alikuwa ameshakata mbili, leo ni rafu ya vyombo kwa bibi, na hakuna anayependa kuiangalia). Kuomba radhi nyumba kwa nyumba, kuwarudishia watu kuni zao na unga walioleta kwa ajili ya msiba. Bibi hakuwa amekufa wala kuzirai, alisinzia tu, alikuwa vichanjani tangu alfajiri, na kuni zilizodondoshwa karibu na dirisha baada ya mimi kukimbia ndizo zilizomwamsha. Aliamka akakuta chumba hakina mtu ila uso kwenye simu, akaukaribisha ndani.

Jioni, tunarudisha viti, aliniuliza bila kunitazama, "Ulidhani nimekufa?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukaniacha peke yangu."

Angenichapa ningeshukuru.

Barua ya kule ng'ambo ilikuja baada ya siku chache, ya heshima kabisa. Mikono yangu inaijua kazi, walisema, lakini nilimwacha mgonjwa pale alipoonekana kunihitaji zaidi, kwa hiyo nifanye kazi wodini mwaka mzima chini ya msimamizi, ndipo niombe tena. Nikaandika ile barua niliyoona uvivu kuiandika mwanzo, nikajibiwa ndani ya siku nne (siku nne!), na sasa asubuhi niko wodini Mbinga na wazee wa kweli, mchana niko kaunta. Nimeapa sitamlaza mtu mzima kitandani kwa maigizo tena, na sitanunua kitambaa cheupe bila kutoa hotuba kwanza.

Bafta yenyewe Mzee Haule alikataa kuipokea, hata kuigusa, alisema kitambaa hicho kikishapata mwenyewe hakirudi dukani. Bibi akaikunja akaitia kwenye sanduku lake. "Itakaa," alisema. "Ila siku hiyo ndiwe utakayenishika, na hutakimbia."

Kila nikiteremka ziwani ananiambia niitoe niianike isiliwe na wadudu, halafu tunaikunja pamoja, yeye ncha hizi mimi ncha zile, na tukikaribiana ananishika mikono.

"Bado inatetemeka?"

"Inatetemeka, bibi."

"Basi ngoja niendelee kuishi kwanza," anasema, anafunga sanduku.

Kule ng'ambo wanataka mtu ambaye mikono yake haitetemeki, na mimi bado natamani kule, sitawadanganya. Lakini tukishaifunga ile bafta sandukuni huwa naomba kimoyomoyo mikono hii isitulie upesi.